Ua Lililoota Mahali Alipooshewa

Watu wakinisikia nikisema nilikaa eda huku nikiomba isiishe, huguna. Wanadhani bibi kazeeka, maneno yanamponyoka. Hayaniponyoki. Ile miezi minne na siku kumi niliyokaa uani Kinondoni, mjane wa miaka ishirini na mbili, nilikuwa na sababu yangu, na sababu yenyewe ilikuwa na majani.

Nianze na mume wangu. Alikuwa mfupi. Simsemi vibaya, mwenyewe alijua, na hakuna aliyemcheka zaidi ya alivyojicheka. Enzi zile za Mwingereza alikuwa kibarua wa wapima ardhi, wale waliokuwa wakipasua pori kuelekea Mbezi ili waweke vigingi vyao. Kazi yake kutangulia na panga. Jioni akirudi amejaa majani mpaka masikioni, na mie namkung'uta mlangoni kabla hajaingia. Huko kazini walimpa suruali ya kaki iliyoshonewa mtu mrefu. Akaja nayo nyumbani kaivaa, kaishikilia kwa mikono miwili kama anavuka dimbwi, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Nikaikunja miguu yote miwili nikaitia pindo. Sasa mie kushona sikujaliwa. Huku uzi umekaza, huku umelegea, na pindo lenyewe unaweza kuficha ngumi ndani yake. Mama mkwe wangu, ambaye tulikuwa tukikaa naye nyumba moja, aliichukua ile suruali, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "We mkamwana, hili ni pindo au mfuko wa mihogo?" Nyumba nzima ikacheka. Mume wangu akasema yeye kalipenda hivyohivyo, na akalivaa. Maneno yale ya mihogo yaliniuma muda mrefu sana, nisiseme uongo.

Alhamisi moja, mwanzo wa masika, lori la kazini lilimshusha mlangoni ana homa. Chumbani palikuwa na joto, tukamlaza uani kwenye kitanda cha kamba. Suruali hakutaka avuliwe, alisema anasikia baridi. Ijumaa kabla ya adhuhuri akafa, ndani ya suruali ileile.

Wanaume wakazungushia mashuka pale uani, wakachimba ufuo, yaani ule mfereji wa chini ya kitanda cha kuoshea maiti, ili maji yazame ardhini. Alivuliwa palepale, akaoshwa palepale, udongo ukarudishwa ukasawazishwa. Nguo alizofia mtu, kwetu sie hupewa mwosha. Mama mkwe alizipokea nje ya pazia, na mie sikuziona tena. Wakamchukua, wakaenda naye, nikabaki na ua.

Anayejua eda anajua. Hutoki, hujipambi, hujitii manukato, wanaume wasio wako hawakuoni. Wanawake wanakuja wanalia na wewe siku za mwanzo, kisha kila mmoja ana nyumba yake na sufuria yake. Ukibaki peke yako unahesabu makuti ya ukuta. Mie niliyahesabu. Mama mkwe alikuwa akifagia ua kila asubuhi mpaka ardhi inang'aa, maana ua wenye nyasi kwake ilikuwa fedheha, lakini pale penye ufuo alikuwa akipapitia mbali. Ufagio ulifika karibu, ukageuka. Niliona, nikadhani ni uchungu tu.

Ndiyo maana kile kimea kilipona. Wiki ya pili ya mvua nikaona majani mawili, halafu mengine mawili yamekaa kinyume na yale ya kwanza, halafu mengine tena. Nikasema mchicha. Siyo mchicha. Nikasema mnavu. Siyo mnavu. Mwezi wa pili kilikuwa kimenipita kiuno, bua limesimama wima halina tawi, majani yana meno pembeni, na mie nimezaliwa Mwananyamala, nimekulia mashambani humu, sijawahi kulitia macho jani lile. Pori la huku kwetu, la mikorosho na minazi, halikuwa nalo.

Wanawake waliokuja kunitazama kila mmoja akawa mganga. Mmoja akasema hiyo ni dawa ya tumbo, akataka kuchuma. Mwingine akasema imetoka kwenye bustani za Wazungu. Wa tatu aliona manyoya ya kwenye vichwa vilivyoanza kujifunga akapiga ukelele, "Upupu huo! Ukikurukia utajikuna mpaka siku ya kiyama!" Akahamisha mkeka. Nikawaambia wote neno moja: atakayeligusa amenigusa mie. Mjane hagombezwi, wakaninyamazia.

Maana mie nilikwisha jua ni nini. Wallahi nilijua. Mahali alipooshewa mume wangu, pale hasa, siyo hatua moja kulia wala kushoto, kumeota mmea usio na mwenzake Kinondoni nzima. Ni yeye. Kaniletea salamu. Usinicheke, nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nalala peke yangu.

Mwezi wa tatu likachanua, na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Fikiria vitufe vya kijani, kimoja juu ya kingine, vimeachana kiasi, na bua linapita katikati yake kama kijiti cha mishikaki. Kila kitufe kina miiba midogo. Na kutoka kwenye miiba hiyo, siku moja asubuhi, yakachomoza maua ya rangi ya chungwa, marefu, membamba, yamejipinda kidogo, na yana manyoya laini kama sikio la ndama. Hayakutoka yote. Leo duara hili, kesho jingine juu yake, kana kwamba mtu anapanda ngazi na taa mkononi. Nilikaa na bakuli la uji mpaka likapoa.

Uji ule ulinifundisha saa ya chozi. Chozi ni yule ndege mdogo asiyejaza kiganja, mwenye mdomo mrefu uliopinda. Akikaa upande huu unamwona mweusi, akigeuka ni kijani kinachowaka, kifuani mwekundu. Nilikuwa nikimwona tangu utotoni, lakini kwa mbali, kileleni mwa minazi, nukta tu inayopiga kelele. Sasa akawa anakuja hatua tatu kutoka goti langu. Anatua juu ya kitufe, anakanyaga miiba kama haipo, anaingiza mdomo kwenye ua moja, anatoa, ua la pili, anatoa, anazunguka duara lote bila kuruka hata moja. Na mdomo wake na lile ua vimepinda sawasawa. Sawasawa kabisa! Nilitamani kumwita mtu aje aone, na sikuwa na wa kumwita.

Siku nyingi nilimtazama kabla sijaona jambo jingine. Akiingia ni mweusi kipajini, akitoka kipaji kina vumbi la manjano. Kila ua lina ulimi wa juu uliojikunja, na akisukuma mdomo ndani, ulimi ule unampaka. Anakwenda nalo ua la pili. Nikasema, looo, kumbe hapewi bure, anatumwa! Ndege kabeba mzigo na hana habari.

Wengine nao wakaja. Asubuhi jua likikolea, wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa boriti, wakinguruma kama watu wenye kesi. Adhuhuri vipepeo weupe. Sisimizi walipanda na kushuka buani tangu alfajiri mpaka magharibi, sijui walikuwa wakitafuta nini, lakini walikuwa wakikipata. Vile vitufe vya chini vilipokauka, chiriku wakavivamia wanapekua mbegu, wanabishana, wanarushiana makapi. Mmea mmoja! Ua lote lililobaki lilikuwa udongo mtupu uliofagiwa, hata panzi hapiti, na pale kwenye ufuo pamekuwa soko. Mie niliyekatazwa kutoka, dunia ilikuja kwangu. Nilifurahi, na nikaona haya kufurahi.

Mama mkwe hakufurahi. Yeye alikuwa akipita uani kwa upande wa ukutani, uso kauelekeza jikoni. Chozi wakiimba, anapiga sufuria kwa mwiko mpaka wanaruka. Nilimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo, mama," akaitika marahaba akiwa amenipa mgongo. Mwisho siku moja akasimama katikati ya ua na kusema, bila kunitazama, "Eda ikiisha, siku unayopelekwa pwani kuogeshwa, ukirudi hutakikuta hicho kitu. Nitakichimba na mizizi yake."

"Kimekukosea nini, mama?"

"Hakioti kitu pale. Pale hapaoti kitu. Mtu aliyelala akatulia hatoi majani."

Akaingia ndani. Kwa hiyo kwangu ni salamu, kwake ni mwanawe hajatulia kaburini! Roho yangu ilimchemkia. Nikasema huyu mwanamke alinichukia kwa pindo, sasa ananichukia kwa ua. Kuanzia siku ile nikawa ninazihesabu siku zangu kwa hofu. Kila mwanamke wa eda husubiri imalizike avae, atoke, aone watu. Mie nilikuwa nikiomba usiku uchelewe kucha.

Zilipobaki siku kumi, akaja jirani mpya kunipa pole. Mume wake alikuwa mwalimu, walikuwa wamehamia kutoka bara, Wakristo, yeye ana lafudhi ya huko kwao iliyowafanya watoto wa mtaa wamwigize. Alichelewa kuja kwa sababu hakujua desturi zetu, aliogopa kukosea. Akaingia, akanipa pole, akageuza shingo, na uso wake wote ukafunguka.

"Dada! Limefikaje hapa?"

Akalitaja jina la kwao. Nalikosa mpaka leo, lilikuwa na sauti nisiyoiweza. Kabla sijamzuia akalishika bua akaliviringisha baina ya vidole. "Gusa," akaniambia. "Lina pembe nne. Una kivumbasi?" Kilikuwapo kwenye kopo mlangoni. Nikashika kijiti cha kivumbasi, nikashika bua. Kweli, pembe nne na pembe nne. Maisha yangu yote nachuma kivumbasi na sikujua bua lake si la mviringo. "Majani yao pia yanakaa mawili mawili, yanapishana," akasema. "Ni ndugu. Hili ndilo kaka mkubwa."

Kisha akachomoa ua moja, akalitia kinywani, akalifyonza. Nusura nimzabe kofi! Ua la mume wangu! Yeye akacheka, akasema kwao watoto wote wanafanya hivyo wakichunga, kuna asali chini kabisa, tone moja. Akachomoa la pili akanipa. Nilikataa. Halafu nikalifyonza. Ilikuwa tamu kidogo sana, ikaisha kabla sijajua kama ni tamu.

Nikamweleza yote, kwamba limeota pale alipooshewa, kwamba ni yeye. Hakunicheka. Alikaa chini kwenye mkeka, akafikiri, akasema taratibu, "Dada, hili halipendi udongo uliotulia. Kwetu huota kwenye shamba lililoachwa, kando ya barabara mpya, mahali palipochimbwa. Hapo palichimbwa. Lakini mbegu yake haina mbawa, haipeperuki. Huanguka chini ya mama yake. Ikisafiri, basi kuna aliyeibeba." Akavunja kitufe kikavu kilichokuwa karibu, akanionyesha miiba inavyoshika khanga. "Mumeo alikuwa akifanya kazi wapi?"

Nikamwambia. Porini, kuelekea Mbezi, na panga.

"Basi kaileta yeye," akasema. "Kwenye nguo."

Nilimkasirikia, nakiri. Mie nilikuwa na muujiza, yeye ananipa takataka za kwenye nguo. Alipoondoka nililia sana. Kesho yake chozi alikuja saa ileile ya uji, akazunguka duara lake, akapakwa vumbi lake, akaenda. Hakujali limetoka wapi. Na mie nikajikuta bado nalipenda, tena zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa nikiona namna lilivyosafiri.

Siku ya mwisho kabla ya kutolewa, nilikuwa chumbani nakunja nguo zangu za eda. Nikasikia chuma kikigonga ardhi. Nikatoka mbio bila kandambili. Mama mkwe kasimama mbele ya ufuo na jembe, hakungoja hata niende pwani, na jembe limeingia ardhini shubiri moja tu kutoka kwenye bua.

Nikalishika lile jembe. Mkwe na mkamwana, tunavutana jembe uani, na mie bado nina eda. Aibu iliyoje! Nikaropoka maneno ya jirani yote kwa pamoja, pembe nne, mbegu isiyo na mbawa, Mbezi, nguo. "Siyo kwamba hajatulia, mama! Mbegu zilikuwa kwenye suruali yake! Walimvua hapahapa, udongo umechimbwa upya, zikadondoka. Tungekuwa nayo ile suruali ningekuonyesha sasa hivi, lakini kaichukua mwosha!"

Akaliachia jembe. Ghafla, nikapepesuka nalo.

"Hakuichukua," akasema.

Akaingia chumbani kwake. Nilisikia kufuli la sanduku. Akatoka na ile suruali ya kaki, imekunjwa, haijafuliwa, ina tope la siku ile ya Alhamisi. Akaketi juu ya udongo, yeye ambaye hakuwahi kukaa bila mkeka.

"Mwosha nilimpa kanzu yake ya Ijumaa," akasema. "Kanzu ilikuwa nzuri, akashukuru. Hii nikaificha. Ina jasho lake. Nilisema nitainusa siku mbili, kisha niitoe. Siku mbili, tena siku mbili. Halafu likaota hilo." Akanyoosha kidole. "Kila nikipita hapa namwona kasimama, ananiuliza, mama, nguo yangu umempelekea mwenyewe? Miezi minne ananiuliza."

Yarabi. Na mie miezi ileile nilikuwa nikimwona adui anayepiga sufuria.

Nikaketi karibu naye. Akaupakata mguu mmoja wa suruali, akaanza kufumua pindo kwa ukucha. Mishono yangu haikumsumbua, ilifumuka upesi. Likadondoka vumbi, vipande vya nyasi, mwiba uliokauka, na halafu mbegu. Nyeusi, ndogo, zina pembe tatu. Kumi, kumi na tano, zikaingia kwenye mistari ya kiganja chake. Nikanyoosha mkono nikavunja kitufe cha chini kilichokauka, nikakikung'utia kwenye kiganja changu. Tukaviweka viganja pamoja. Usingeweza kusema zipi ni za suruali na zipi ni za ua.

Juu yetu chozi alikuwa amerudi, anafanya kazi yake, hana habari na sie.

"Ungelishona vizuri hili pindo, mwanangu," mama mkwe akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "asingebakiza kitu."

Akacheka, au alilia, vyote vilikuwa vinatoka pamoja. Akasema kesho, nikishaogeshwa, ataipeleka suruali kwa mwosha kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia ukweli. Kisha akainama, akazimwaga zile mbegu zake pale jembe lilipokuwa limepasua ardhi, akazifunika kwa kiganja.

Mguu wa pili wa suruali ulikuwa bado una pindo. Akanisukumia mapajani.

"Huu fumua wewe," akasema. "Mie wangu nimemaliza."